Mama Mkubwa wa Meja Daktari

Pogzie alinyang'anywa mwanawe akiwa hai, mchana kweupe, na shemeji yake mwenyewe, Evaristi Dabuo, katekista mzaliwa wa kijiji cha Gberkuo. Hakunyang'anywa kwa panga wala kwa hukumu ya chifu. Alinyang'anywa kwa kuku mmoja mweupe na maneno machache, na mwana huyo alipokua akawa daktari, akapewa vyeo vya jeshi begani, hakurudi kuyafuta maneno yale. Hilo ndilo kosa lenyewe. Mengine yote ni namna lilivyotendeka.

Pogzie alikuwa mke wa pili wa Bayor, kaka mkubwa wa Evaristi. Bayor alikuwa mtu wa shamba na mishale. Hakuwa na neno na kanisa, wala kanisa halikuwa na neno naye. Evaristi ndiye aliyekwenda kwa mapadri angali kijana, akajifunza kusoma, akafunga ndoa altareni na Perpetua, akavaa viatu. Ndoa ile ilikuwa na pete, ilikuwa na picha, ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Tumbo la Perpetua halikushika hata mara moja.

La Pogzie lilishika. Mtoto wa kwanza alikufa meno yakianza kuota. Wa pili alikufa kabla hajasimama. Wa tatu alipozaliwa, wanawake wa nyumba walimgeuza mikononi, wakamtazama vidole na masikio, wakasema, "Ni yule yule. Amerudi tena huyu msafiri." Kwetu mtoto kama huyo huitwa Der, na hukatwa alama ndogo usoni ili kifo kikija kimwone amekwisha kuharibiwa, kisimtamani. Der alikatwa karibu na pua, upande wa kushoto. Pogzie mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa. Alama ile hakatwi mtoto yeyote tu. Hukatwa mtoto ambaye mama yake amezika.

Misheni ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na Evaristi alikuwa na nyumba jirani na kanisa. Der alipofika umri wa kuanza shule alipelekwa kukaa huko kwa baba yake mdogo. Pogzie akaongeza vyungu. Aliloweka mtama, akauotesha, akauanika, akausaga, akakesha na moto, akatoa pombe ambayo watu walitoka vijiji vya mbali kuifuata. Kaptula ya shule ilitoka kwenye vyungu vile. Kibao cha kuandikia kilitoka humo, mafuta ya taa yalitoka humo. Kila siku ya soko alipita misheni na chungu kichwani, na watoto wakimwona kwa mbali walipiga kelele, "Der, mama yako! Mama Der amefika! Leo utakula karanga, utugawie!"

Lile "Mama Der" alilipenda kuliko jina alilopewa na baba yake.

Mtoto alikuwa na akili. Hesabu za madarasa ya mbele alizifanya akiwa nyuma, na sala za Kilatini alizishika kama ndege. Padri mwenye ndevu, aliyeongoza misheni siku zile, akasema mtoto huyu aende seminari ndogo, atafaa upadri. Evaristi akaja Gberkuo kwa baiskeli, akamkuta Pogzie kwenye kibanda cha pombe.

"Shemeji, kijana amewashinda wote."

"Najua. Uji alinyweshwa na nani?"

"Sikiliza, acha mzaha. Padri anamtaka seminari. Lakini seminari haichukui mtoto wa nyumba ya wake wawili. Wanataka mtoto wa ndoa ya altareni."

"Basi mwambie Padri apunguze ukali."

"Si Padri. Ni sheria ya Kanisa." Evaristi akafuta jasho. "Nimekwisha mwambia Padri ni mwanangu."

Pogzie alicheka kwanza. Alidhani ni utani. "Wewe? Na Perpetua alimbeba wapi, kwenye sufuria?"

"Unacheka. Ukisema neno moja tu, atarudi hapa kuchunga ng'ombe wa Bayor mpaka meno yang'oke. Chagua, shemeji."

Alimwuliza mumewe. Bayor alikuwa akichonga mpini, hakunyanyua hata macho. "Ni mtoto wa Dabuo," alisema. "Akiwa kwangu ni Dabuo, akiwa kwa ndugu yangu ni Dabuo. Unalia nini?" Na kweli, yeye hakupoteza kitu. Mwanaume hagawi mtoto. Hubadilisha mkono tu, kama anavyohamisha jembe.

Pogzie akakubali. Lakini Evaristi hakutosheka na kukubali kwake. Asubuhi moja alimpeleka kwenye rundo la mawe nyuma ya nyumba ya Saanuo, mtunza ardhi wa kijiji, mahali ambapo watu huapa na ardhi hushika. Saanuo alikuwa amekaa na ugoro wake, akamwona katekista na rozari yake shingoni, akaanza kucheka mpaka akapiga chafya.

"Katekista! Umepotea? Kanisa liko upande ule."

"Fanya kazi yako, mzee."

"Nafanya, nafanya. Msalaba uweke mfukoni kwanza, usije ukamgombanisha Mungu wako na ardhi."

Evaristi akauweka mfukoni. Alimjua shemeji yake. Alijua kwamba kitabu cha Mungu angekigusa na kusahau, lakini ardhi ya Gberkuo, iliyomeza watoto wake wawili, asingeichezea. Akampa maneno, naye akayarudia: kwamba hatamwita Der mwanawe mbele ya mtu yeyote mpaka siku kijana atakapopakwa mafuta ya upadri mikononi, na akimwita kabla ya siku hiyo, ardhi imchukue.

Pogzie akasita. "Imchukue nani? Mimi?"

"Yeye," alisema Evaristi. "Ungeapia roho yako ungethubutu. Nakujua."

Kuku alikatwa, akarushwa. Alipiga mabawa, akajiviringisha, akafia chali, kifua juu. Hapo hakuna wa kubisha. Ardhi imepokea.

Baada ya hapo jina likaondoka. Evaristi alipita nyumba kwa nyumba, na watu wa Gberkuo, ambao walikuwepo Der akizaliwa na walikula supu ya uzazi wake, wakaanza kumwita Pogzie "mke wa Bayor". Perpetua akawa Mama Severino, kwa maana Der naye alikuwa amebatizwa Severino. Hakuna aliyepinga. Kila mtu alikuwa na mtoto wa kuombewa nafasi kwa mapadri, na njia ya kwa mapadri ilipita mlangoni kwa katekista.

Likizo ya kwanza kijana alirudi na suruali ndefu. Akaingia kibandani peke yake, akamkuta Pogzie amezamisha mikono katika machicha ya mtama. Akasema polepole, "Mama." Pogzie aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamziba mdomo kwa mkono ule ule uliojaa machicha. Kijana alisimama pale na uji wa mtama ukimtiririka kidevuni, akamtazama. Kisha akajifuta, akasema, "Samahani, mama mkubwa," akatoka.

Kwa mila ndivyo ilivyo, mke wa kaka mkubwa wa baba ni mama mkubwa. Walimpandisha cheo. Pogzie alingoja. Alihesabu moyoni: seminari ndogo, seminari kubwa, kisha mafuta mikononi, na siku hiyo, kanisa limejaa, atasimama kutoka benchi la nyuma aseme neno moja tu, na ardhi haitakuwa na madai. Aliisubiri siku hiyo kama wengine wanavyosubiri mvua. Bayor alikufa, akazikwa, yeye bado alikuwa akisubiri.

Habari aliipatia sokoni, kutoka kwa mwanamke muuza samaki wakavu.

"Mke wa Bayor, umesikia? Mtoto wa katekista ametoka seminari. Amewaambia mapadri hana wito. Yuko Accra, anasomea udaktari, jeshi ndilo linamsomesha!"

"Hatakuwa padri?"

"Padri wa nini? Atakuwa na gari! Mbona unakaa chini? Jua limekuchoma?"

Pogzie aliacha chungu sokoni, akaenda moja kwa moja kwa Evaristi. Alimkuta anatia mafuta mnyororo wa baiskeli.

"Shemeji, kijana ametoka. Nifungue."

"Nikufungue nini?"

"Kiapo. Tulisema mpaka apakwe mafuta. Sasa hatapakwa. Twende kwa Saanuo na kuku, useme ulilosema, ulirudishe."

Evaristi alifuta vidole kimoja kimoja. "Mimi ni katekista, Pogzie. Siendi kwenye mawe. Ni upagani."

"Ulikwenda."

"Nilitubu. Nilikwisha ungama kwa Padri, akanisamehe."

"Padri alikusamehe wewe. Mimi alinifungua?"

"Kiapo kilisema upadri," alisema Evaristi, akauzungusha mnyororo. "Shika neno lako." Perpetua alikuwa mlangoni na bakuli la bamia, akasikia yote. Aliingia ndani, akarudisha mlango.

Saanuo alikuwa amesema wazi tangu zamani: aliyetoa maneno ndiye anayeyarudisha. Mwanamke hawezi kwenda peke yake na kuku wake kujifungua, kama vile mtu hawezi kujinyoa kisogo. Kwa hiyo Pogzie akabaki na mdomo uliofungwa kwa siku ambayo haitakuja kamwe.

Kijana akamaliza Accra, akavaa magwanda. Akapelekwa Lebanoni na wanajeshi wetu waliokwenda kusimama kati ya watu wanaopigana. Ilisemekana alishona askari matumbo huku mabomu yakianguka, mikono haitetemeki. Alipewa nishani. Redio ya hapo sokoni ilikuwa ya fundi cherehani, na siku hiyo aliifungulia sauti mpaka mwisho, ikasema kwa lugha yetu: Meja Daktari Severino Dabuo, mwana wa katekista Evaristi na Bibi Perpetua wa Gberkuo. Watu wakapiga vigelegele. Pogzie naye alipiga. Mdomo ungefanya nini? Baadaye alipowapimia wateja pombe, kibuyu kilimwagika mara mbili, na yeye si mwanamke wa kumwaga.

Meja aliporudi nyumbani kwa likizo, Pogzie alimtazama usoni, akatafuta. Upande wa kushoto wa pua palikuwa laini. Alama haipo. Watu walisema ni kipande cha bomu kilimkwaruza, madaktari wenzake wakamtengeneza. Huenda. Lakini bomu gani hilo, linalotua juu ya alama ya mama mtu, likaifuta na kuacha uso mzima mzuri?

Katika likizo hiyo alifungua matibabu ya bure pale misheni. Watu walilala uwanjani kungoja. Pogzie alikuwa akiumwa kiuno na tumbo la chini, maumivu ya mwanamke aliyebeba vyungu maisha yake yote, naye akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika aliingia. Meja alikuwa mezani, nesi kutoka mji wa Wa pembeni yake, kijana wa kike mwenye sauti ya juu.

"Aa, mama mkubwa. Karibu. Unaumwa wapi?"

Akaeleza. Meja alimpima vizuri, kwa mikono ya joto, hilo halikataliki. Kisha nesi akachukua kalamu.

"Mama, umezaa mara ngapi?"

Pogzie alimtazama Meja. Meja alitazama kifaa chake cha kusikilizia moyo.

"Mara tatu," alisema Pogzie.

"Walio hai wangapi?"

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia. Pogzie alikuwa na jibu ulimini, limekaa hapo kama jiwe la moto, na jiwe hilo likitoka litamwangukia yule aliyeketi mbele yake.

"Wawili nimezika kwa mikono yangu," alisema. "Wa tatu, mwulize daktari wako nimweke upande gani."

Nesi akacheka, akidhani ni maneno ya wazee. "Daktari, tuandikeje?"

Meja alikunja kifaa chake, akakiweka mezani. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Andika aliye hai hakuna."

"Watatu, hai hakuna," nesi akarudia kwa sauti, ili waliokuwa mlangoni nao wasikie. "Pole sana, mama."

Akapewa vidonge. Maumivu ya kiuno yalipoa.

Perpetua alikufa mwaka jana, wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Alikufa kwa moyo, ghafla, mkono kwenye chungu. Pogzie hakumwombea afe, isemwe hivyo. Lakini marimba ya msiba yalipoanza kulia, alijua siku ya kweli imekuja, kwa sababu kwetu msiba hausemi uongo kwa kawaida. Kwetu mfiwa hufungwa, ili huzuni isimkimbize porini, na kifungo chenyewe ndicho kinachowaambia watu wewe ni nani kwa marehemu. Mume, mke, mzazi, hufungwa kwa ngozi ya mnyama. Ndugu kwa nyuzi za mti. Na mtoto hufungwa kamba nyembamba kwenye kifundo cha mguu. Hata mgeni asiyejua jina la mtu, akitazama kifungo, anajua.

Marehemu aliletwa Gberkuo, akakalishwa juu ya kitanda chake cha heshima, amevishwa vizuri. Gari la jeshi likaja na vumbi lake. Meja akashuka, akavua kiatu na soksi, akakunja suruali mpaka gotini, na wajomba wakamfunga kamba kwenye kifundo cha mguu wa kulia, mbele ya kijiji kizima, kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kupata uchungu wa kuzaa hata usiku mmoja. Pogzie alikuwa umbali wa mkono mmoja. Mguu ule aliujua. Kovu la chini ya goti ni la jembe, siku aliyomfuata shambani.

Hapo ndipo Dapila alipoingia. Dapila ni mtani wa ukoo, na mtani msibani hakatazwi kitu. Anaweza kumvuta marehemu pua na akaombwa radhi yeye. Alikuja amevaa kofia ya kike, amejifunga mto tumboni, akasimama mbele ya maiti.

"Perpetua! Dada yetu! Amka utufundishe! Sisi wake zetu wanavimba miezi tisa, wanatapika, wanatutukana. Wewe ulizaa meja mzima, na gauni lako halikubana hata kifungo kimoja! Ulimzaa kwa barua?"

Watu waliangua kicheko. Hata wapiga marimba walikosa mdundo. Dapila akageuka kwa Meja, akachuchumaa, akaigusa ile kamba.

"Na wewe Der, msafiri! Ulikufa mara mbili ukarudi. Perpetua alizika nani, hata wewe ukawa Der? Au alizika paka?"

Kicheko kikapungua kutoka nyuma kuja mbele, kama maji yanayokauka, kikaisha. Hakuna aliyekuwa amemwita Meja kwa jina lile kwa miaka. Meja alikuwa akitazama mguu wake.

Pogzie akasimama. Hakusema neno aliloapa kutolisema. Alikwenda mpaka kwa Evaristi, aliyekuwa amekaa, ngozi ya mume mfiwa kiunoni, akapiga magoti mbele yake kwa heshima zote.

"Shemeji, pole kwa msiba. Mke wako amekwenda, hataaibika tena. Saanuo yule pale. Kuku ninaye nyumbani, mweupe. Njoo uyarudishe maneno yako, kabla na mimi sijalazwa juu ya kitanda kile."

"Siku ya msiba unaleta upagani?" alisema Evaristi. "Mimi ni Mkristo."

Saanuo, mzee sasa, macho yamefunikwa na ukungu, alitema ugoro. "Na siku ile ulikuwa Mkristo wa wapi, katekista? Wa mfukoni?"

Hakuna aliyecheka. Evaristi alishika rozari yake, akafumba macho kama anayesali. Hakufumbua.

Pogzie akageuka kwa yule aliyefungwa kamba mguuni. Hakumwita. Alimngoja tu. Meja hakuapa kitu. Yeye hakuna ardhi iliyomfunga. Alishona watu chini ya mabomu. Angeweza kumshika baba yake mdogo mkono na kumwinua, wakaenda kwenye mawe, hatua chache tu kutoka pale.

"Mama mkubwa," alisema Meja kwa sauti ya chini, sauti ya hospitali, "mambo haya tuyaache. Watu wamechoka. Nitakuletea dawa nyingine ya kiuno."

"Kiuno kimepona," alisema Pogzie. Akainuka, akapangusa magoti, akaenda kuwapimia wafiwa pombe, kwa maana pombe ya msiba ule alikuwa ameipika yeye.

Gari la jeshi liliondoka baada ya maziko. Evaristi yu hai, anasali asubuhi na jioni, na akipita njiani Pogzie humsalimia, naye huitikia.

Katika kibanda cha pombe, juu ya mahali anapokausha hamira, Pogzie ametundika kamba nyembamba aliyoisokota mwenyewe. Wateja wakimwuliza ya nini, huwaambia wanywe. Evaristi Dabuo anadaiwa safari moja ya kwenda kwenye mawe ya Saanuo, kuyarudisha maneno aliyompa mwanamke ayaseme, na ayarudishe angali na meno ya kuyatamkia. Der anadaiwa kifundo cha mguu wake. Siku Pogzie atakapokufa, marimba yatalia, watu watatazama ni mguu gani umefungwa kamba ile. Na kama hakuna, basi kamba itazikwa naye, na ardhi ya Gberkuo itajua yenyewe nani alivunja nini.